Kati ya Dawati la Polisi na Nyumba Salama: Kazi Isiyo na Kibao ya Wanaowahudumia Manusura wa Ukatili wa Kifamilia

Na Mwandishi Wetu

Takwimu za ukatili dhidi ya wanawake nchini zimeanza kushuka, na jambo hilo linastahili kusemwa kwanza. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 40 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulipata asilimia 27. Kwa ukatili wa kingono, kiwango kilitoka asilimia 17 hadi 12. Hata hivyo, asilimia 27 ni zaidi ya mwanamke mmoja kati ya wanne, na mara nyingi anayetajwa na wanawake hao si mtu wa barabarani. Ni mume au mwenza, aliye nao ama waliyekwisha kuachana.

Hapo ndipo ukatili wa kifamilia unapotofautiana na makosa mengine. Aliyeibiwa sokoni hutoa taarifa polisi na kurudi nyumbani kwake; aliyepigwa nyumbani hana uhakika wa pa kurudi. Anayetuhumiwa ndiye mwenye ufunguo, ndiye mlipa kodi ya chumba na ada ya mtoto, na pengine ndiye baba wa mimba iliyo tumboni. Kwa mwanamke wa namna hiyo, kutoa taarifa ni mwanzo wa safari ya miezi kadhaa ambayo hawezi kuimaliza peke yake.

Serikali imejenga vituo vya kupumzikia katika safari hiyo. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, maarufu kwa jina la MTAKUWWA, ulianza kutekelezwa mwaka 2017/18 kwa shabaha ya kupunguza ukatili kwa asilimia 50 ndani ya miaka mitano, na awamu yake ya pili ni ya mwaka 2024/25 hadi 2028/29. Januari 2022 iliundwa wizara inayojitegemea ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Yapo Madawati ya Jinsia na Watoto ya Jeshi la Polisi, Vituo vya Mkono kwa Mkono vilivyo hospitalini, nyumba salama, Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa, na namba 116 ya simu kwa ajili ya mtoto. Kila kimoja kina mlango, kibao na saa zake za kazi. Kisicho na kibao ni njia ya kutoka kimoja kwenda kingine, na mashauri mengi hufia njiani humo.

Anayeitembea njia hiyo pamoja na manusura ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, mnasihi wa kituo, mlezi wa nyumba salama, au msaidizi wa kisheria anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Makala haya yanahusu kazi yao.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa miaka kadhaa sasa wataalamu wameacha kusema mwathirika na kusema manusura, kwa nia njema ya kumwondolea mhusika sura ya mtu aliyeharibika. Zanzibar, ambako ukatili huu huitwa zaidi udhalilishaji, mabadiliko hayo nayo yamefika. Lakini manusura kwa asili ni aliyenusurika, aliyetoka hai katika chombo kilichozama, na wengi wa wanaoketi mbele ya afisa ustawi bado wamo ndani ya chombo na maji yanaingia. Kazi ya siku ya kwanza ni kujua maji yamefika wapi.

Ndiyo maana swali la mwanzo la mhudumu aliyefunzwa vizuri halihusu kosa, wala halianzi na kwa nini. Ni swali la usalama: je, leo unaweza kulala pale ulipoamkia? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 kwa watoa huduma wanaowahudumia wanawake waliofanyiwa ukatili na wenza au ukatili wa kingono unaweka kusikiliza mbele ya mambo yote, kisha kuuliza mahitaji, kumhakikishia mwanamke kuwa anaaminiwa, kuimarisha usalama wake na kumuunganisha na msaada. Yanasomeka kama mambo mepesi. Yeyote aliyewahi kumsikiliza mtu akieleza alivyopigwa mbele ya wanawe, bila kumkatiza wala kumpa nasaha, anajua kuwa wepesi huo ni wa karatasini tu.

Katika kusikiliza huko zimo ishara ambazo mhudumu hana ruhusa ya kuzipita. Mtafiti wa Marekani Jacquelyn Campbell, aliyeanza kutengeneza kipimo cha hatari ya mwanamke kuuawa na mwenza wake mwaka 1985, na watafiti waliomfuata, wameonesha kuwa baadhi ya matendo hutangulia mauaji mara nyingi kuliko mengine: kukabwa koo, kutishiwa kwa silaha, kuambiwa waziwazi kuwa utauawa, kulazimishwa tendo la ndoa, wivu wa kumfuatilia mtu kila aendako, kupigwa wakati wa ujauzito. Kukabwa koo ndiko kunakodharauliwa zaidi, kwa kuwa mara nyingi hakuachi alama ya kuonekana. Mwanamke hulitaja juu juu, baada ya kueleza kwa kirefu jino lililong'oka. Mhudumu asiyejua uzito wake huandika jino na kuliacha koo.

Ishara nyingine ni kuondoka kwenyewe. Jamii humuuliza mwanamke anayepigwa kwa nini haondoki, kana kwamba mlango ndio mwisho wa hatari, ilhali majuma na miezi ya kuachana ndiyo ambayo aliyezoea kutawala huhisi anapoteza na kupandisha kipigo. Kwa hiyo mhudumu mzuri hamhimizi mtu kuondoka leo hii kwa kuwa yeye ameumia kumsikiliza. Hupanga naye: vitambulisho vya mama na kadi za kliniki za watoto vihifadhiwe kwa nani, nauli ifichwe wapi, jirani yupi atasikia ishara gani, simu ya mhudumu iandikwe kwa jina gani ili isizue maswali, na saa zipi asipigiwe kabisa. Palipo na ukatili wa kingono, saa nazo huhesabiwa: dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Kumzungusha manusura kutafuta fomu wakati saa hizo zinakwenda ni kumfanyia ukatili wa pili, tena wa kiofisi.

Sasa tufike penye ugumu wenyewe.

Kwa miaka mingi ofisi ya ustawi wa jamii imekuwa mahali pa kusuluhisha mashauri ya ndoa na matunzo ya watoto. Mwanamke huja, mume huandikiwa wito, siku hupangwa, wote wawili huketi mbele ya meza moja. Ofisi hiyohiyo, meza hiyohiyo, na mara nyingi afisa huyohuyo, ndiye anayempokea aliyepigwa. Hivyo mtu mmoja amebebeshwa kazi mbili ambazo hazikai pamoja. Msuluhishi hutakiwa asiegemee upande, na mlinzi hana budi kuegemea.

Sheria yetu nayo ina sauti mbili katika jambo hili. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kimesema bila kupepesa kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko au kipigo, hata kama mila inaruhusu. Ni kifungu kilichotangulia wakati wake. Lakini kifungu cha 101 cha sheria hiyo hakimruhusu mtu kuomba talaka mahakamani kabla ya mgogoro kupelekwa Baraza la Usuluhishi la Ndoa na Baraza kushindwa kuwapatanisha. Zipo nafuu zilizotajwa: mwenzi aliyetoroka asijulikane alipo, aliye nje ya nchi na asiyetarajiwa kurejea karibuni, aliyeitwa na Baraza akakaidi, aliyefungwa kifungo kirefu, mwenye maradhi ya akili yasiyotibika. Kipigo hakimo katika orodha hiyo kwa jina lake. Aliyepigwa hubaki akitegemea maneno ya jumla kuhusu mazingira yasiyo ya kawaida, na mpaka mahakama iridhike, njia yake inapita mbele ya wazee wa usuluhishi, uso kwa uso na aliyempiga.

Usuluhishi ni hazina ya jamii zetu, na hakuna haja ya kuubeza. Umeokoa mashamba, mirathi na urafiki wa koo. Lakini masharti yake ni kwamba kila upande uweze kusema bila kuogopa usiku utakaofuata. Mwanamke anayeulizwa mbele ya mumewe kama yaliyotokea yamekwisha, atajibu kuwa yamekwisha. Ataweka sahihi. Faili litaandikwa kuwa limefungwa kwa maridhiano, na taarifa ya robo mwaka itahesabu mafanikio. Kilichotokea chumbani baada ya kikao hakina safu katika jedwali hilo.

Hata hivyo, maafisa wanaoendelea kupokea maombi ya namna hii wana hoja inayopaswa kusikilizwa. Wengi wa wanawake wanaofika ofisini hawaombi mume afungwe. Wanaomba aitwe, aonywe, aache. Huo si ujinga wala kutojua haki, ni hesabu. Akiwekwa mahabusu, kodi ya mwezi ujao inalipwa na nani? Mama mkwe atasema nini? Watoto watakula wapi? Mhudumu anayeipuuza hesabu hiyo na kumburuta mwanamke mahakamani kwa faida yake anakuwa mtu wa pili katika maisha yake anayemwamulia kila kitu.

Wanaoifanya kazi hii vizuri wamepata njia ya katikati, nayo haimo katika kuwaketisha wawili hao pamoja. Humsikiliza kila mmoja peke yake, kwa siku tofauti, na humpima hatari mwanamke kabla ya barua yoyote kuandikwa kwa mume. Palipotajwa koo, silaha au tishio la kuua, kikao cha pamoja hakipo, hata wazee wa pande zote mbili wakija na kanzu na mikeka. Matunzo ya watoto hushughulikiwa kwa maandishi na kwa amri ya mahakama, kwa sababu matunzo ni haki ya mtoto na hayapaswi kuwa malipo ya mama kukaa kimya. Na kipigo chenyewe hakiwekwi mezani kijadiliwe kama kosa mojawapo kati ya makosa ya pande mbili, la mke kuchelewesha chakula na la mume kumvunja mkono. Kwa maoni ya mwandishi, mpaka huu ungefaa kuwa wa maandishi na kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya ustawi. Afisa kijana aliyepangiwa wilaya asiyokuwa na jamaa ndani yake hawezi kuwakatalia wazee kwa hiari yake; anaweza kuwaonesha karatasi.

Shinikizo la kuyamaliza nyumbani haliishii ofisini kwake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza maelewano katika mashauri ya shambulio la kawaida na mengine ya asili binafsi yasiyofikia uzito mkubwa. Nafasi hiyo ina maana yake kwa ugomvi wa majirani. Kwa ukatili wa kifamilia, ina maana kwamba mengi hutegemea jinsi jeraha lilivyoandikwa siku ya kwanza. Fomu ya Polisi namba 3 iliyojazwa kwa haraka, yenye maneno mawili kuhusu michubuko, huigeuza hujuma ya miaka saba kuwa shambulio la kawaida la Jumanne moja. Mhudumu anayemsindikiza manusura hospitalini, akamkumbusha kumwambia daktari kuhusu koo na kuhusu mara zilizopita, huwa ameifanyia kesi hiyo jambo ambalo wakili hataweza kulifanya miezi sita baadaye.

Kisha wapo watoto. Afisa anapozungumza na mtu mzima, siri ni ya mwenye siri, na uamuzi wa kushitaki au kutoshitaki, ukiacha hatari ya maisha, huuheshimu. Anapogundua kuwa mtoto naye anapigwa au kunajisiwa, uhuru huo haupo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka hata mwanajamii wa kawaida atoe taarifa kwa mamlaka za serikali za mitaa pale haki za mtoto zinapovunjwa. Mtumishi wa ustawi hawezi kuwa na udhuru. Tatizo ni kwamba mama, akijua hivyo katikati ya maelezo, anaweza kufunga mdomo. Kwa hiyo wahudumu waangalifu hueleza mipaka ya siri mwanzoni kabisa, kabla mama hajasema neno, na wakati mwingine hulipa gharama ya kusikia kidogo. Ni bora hivyo kuliko kumfanya ajione amesalitiwa na mtu wa kwanza aliyemwamini.

Wanaume nao huja, wachache na kwa kuchelewa. Baadhi ni wazee wanaopigwa na watoto wao. Aibu yao ni nzito kwa namna yake, na ofisi inayowacheka mlangoni huwa imewafukuza wote.

Upo mzigo mwingine, nao ni wa mhudumu mwenyewe. Mwaka 1995 mwanasaikolojia wa Marekani Charles Figley alihariri kitabu kilichoeneza jina la hali ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita uchovu wa huruma: mtu anayesikiliza maumivu ya wengine kila siku huanza kubeba dalili zao. Hukosa usingizi. Hushituka mlango ukibamizwa. Au, na hili ndilo hatari zaidi kwa wateja wake, huacha kushituka kwa lolote, akamsikiliza aliyevunjwa mbavu kwa uso uleule anaoutumia kujaza fomu ya likizo. Manusura huiona hali hiyo mara moja na kuitafsiri kuwa ni dharau.

Dawa yake inajulikana: usimamizi wa kitaalamu, yaani mhudumu kuketi mara kwa mara na mtaalamu mwenye uzoefu zaidi, akayapitia mashauri yake na yaliyomgusa. Hilo ni tofauti kabisa na ukaguzi. Mkaguzi huja kuuliza mafaili mangapi yamefungwa. Msimamizi huuliza ni faili lipi limekunyima usingizi. Vyuo vyetu, ikiwamo Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam, hufundisha jambo hili darasani. Anayetoka huko na kupangiwa halmashauri ya pembezoni, akiwa ndiye pekee wa fani yake kwa kata kadhaa, hana wa kuketi naye. Tena katika mji mdogo mtuhumiwa anamfahamu, anajua anakopanga na shule anayosoma mwanawe. Usalama wa mhudumu ni sehemu ya usalama wa manusura, kwa sababu mhudumu aliyetishwa hupendelea maridhiano.

Yote haya yana bei, na bei yenyewe si kubwa kama inavyodhaniwa. Jengo huonekana na huzinduliwa. Nauli haina utepe wa kukata. Lakini shahidi asiyefika mahakamani kwa kukosa nauli ya bodaboda na basi huiua kesi sawasawa na shahidi aliyehongwa, na si siri kwamba maafisa wengi hutoa nauli hizo mifukoni mwao. Baada ya nyumba salama, ambako mtu hukaa kwa muda tu, panahitajika kodi ya miezi michache na mtaji wa kuanzia. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyorejeshwa mwaka 2024 baada ya kusitishwa mwaka uliotangulia, ingeweza kusaidia, kwani asilimia 4 ni ya wanawake. Shida ni kwamba hutolewa kwa vikundi vya watu wanaofahamiana, ilhali manusura aliyekimbilia wilaya nyingine hafahamiki na yeyote, na usalama wake unategemea kubaki hivyo. Halmashauri itakayobuni njia ya kumpokea mtu wa namna hiyo katika kikundi, kwa barua ya siri ya ofisi ya ustawi, itakuwa imefanya jambo kubwa kwa fedha ambazo tayari zipo.

Na upo muda. Ofisi za Serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Kipigo cha nyumbani kina ratiba nyingine: usiku, mwisho wa juma, siku ya mshahara, siku ya sikukuu. Polisi na hospitali wana zamu. Katika halmashauri nyingi afisa ustawi hana zamu wala posho yake. Ana simu yake binafsi na moyo wake. Maafisa ustawi wako chini ya halmashauri, na mwaka wa fedha huanza Julai mosi, hivyo bajeti zao hupita mbele ya madiwani miezi michache kabla. Diwani atakayeliona fungu la ustawi wa jamii katika kabrasha lake anaweza kuuliza mambo matatu tu: limetengwa kiasi gani kwa nauli za manusura na mashahidi, nani anawasimamia kitaalamu maafisa hao, na simu ya Jumamosi saa 5 usiku inapokewa na nani.